Wiki nzima Buenos Aires kwa mwendo wa polepole: siku na milo tupange vipi?

Upepo_wa_Kusi aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Novemba tutakuwa Buenos Aires, tunaingia Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumamosi inayofuata usiku. Tuko wawili, mimi na mama. Mama anatembea vizuri kwenye tambarare ila ngazi ndefu zinamtesa magoti. Hatuli nguruwe, pombe si lazima.

Hatutaki kukimbizana. Kitu kimoja kikubwa kwa siku, mlo wa maana, kahawa isiyo na haraka, basi. Ratiba nyingi ninazoziona zinabana vitu sita kwa siku, hizo sizihitaji. Ninachotaka kujua:

1. Tukae mtaa gani?
2. Siku tuzipange kwa mpangilio upi?
3. Ni kweli chakula cha usiku huanza saa 3? Mama amezoea kula saa 1.
4. Colonia, ng'ambo ya mto upande wa Uruguay, inafaa kwa siku moja?

Ramani_Mkononi alijibu:

Mji huu haupangwi kwa orodha ya vivutio, unapangwa kwa siku za wiki. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, makumbusho ya sanaa ya MALBA hufungwa Jumanne, na soko la mtaani la San Telmo ni Jumapili tu. Ukishaziweka siku hizo tatu mahali pake, zilizobaki zinajipanga zenyewe.

Malazi kwanza. Kwa magoti ya mama, chagua Recoleta au Barrio Norte. Ni tambarare, mikahawa iko chini ya majengo, teksi hazikosekani. Palermo Soho ina migahawa mingi zaidi, lakini usiku wa wikiendi kelele za baa zitapanda hadi dirishani. San Telmo inapendeza kwenye picha, ila barabara zake ni za mawe na vigae vya pembeni vimelegea. Katikati kabisa ya mji, Microcentro, kunakuwa kama ofisi iliyofungwa ikifika jioni na wikiendi. Usikubali bei nafuu ya hoteli za huko.

Jumamosi ya kufika msipange kitu. Uwanja wa Ezeiza uko zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji, na kwa gari ni kama saa moja barabara zikiwa shwari. Lala, oga, jioni nendeni La Biela, mkahawa ulio mkabala na makaburi ya Recoleta. Nje yake kuna mti mkubwa wa jamii ya mpira, matawi yake yamewekewa nguzo za kuyashikilia. Hapo panatosha kwa siku hiyo.

Jumapili ni San Telmo. Teksi iwashushe Plaza Dorrego saa 4 asubuhi, msingoje saa 6, kwa sababu kuanzia hapo mtaa wa Defensa unajaa hadi mtu huoni unapokanyaga. Vitu vya kale vya kweli, vyombo vya fedha, chupa za soda za zamani, viko kwenye uwanja wenyewe. Kadiri unavyoteremka Defensa kuelekea Plaza de Mayo ndivyo bidhaa zinavyokuwa za kumbukumbu za watalii. Soko lenye paa la chuma, Mercado de San Telmo la mwaka 1897, liko hatua chache tu. Ndani kuna viti, kahawa na vyoo, kwa hiyo ndipo pa kumpumzisha mama.

Jumatatu, makumbusho yakiwa yamefungwa, tembeeni Avenida de Mayo. Ni njia iliyonyooka, tambarare, kama kilomita moja na nusu kutoka Plaza de Mayo hadi bunge, Congreso. Njiani, nambari 825, ndipo Café Tortoni ya mwaka 1858. Foleni yake hujikunja nje mchana, lakini asubuhi ya siku ya kazi mnaweza kuingia moja kwa moja. Nambari 1370 ni Palacio Barolo, jengo la mwaka 1923 ambalo mbunifu Mario Palanti alilipanga kwa kufuata shairi la Dante, jehanamu chini na pepo juu. Ziara yake hupanda kwa lifti ya zamani, lakini sehemu ya mwisho hadi kwenye taa ya juu ni ngazi nyembamba sana. Mama asubiri kwenye roshani ya chini yake, mandhari bado ni nzuri.

Jumanne: makaburi ya Recoleta asubuhi, kisha makumbusho ya sanaa, Museo Nacional de Bellas Artes, ambayo iko umbali mfupi kwa miguu. Makaburini wageni hulipa kiingilio, nendeni na kadi ya benki. Kaburi la Eva Perón, mke wa rais wa zamani Juan Perón, halina alama kubwa. Tafuteni jina la familia ya Duarte, au fuateni msongamano wa watu. Hakuna kivuli cha kutosha humo ndani, kwa hiyo msiende saa 7 mchana.

Jumatano: MALBA, ambayo hufunguliwa saa 6 mchana. Ndimo ulimo mchoro wa Abaporu wa Tarsila do Amaral ya mwaka 1928, pamoja na picha Frida Kahlo aliyojichora akiwa na tumbili na kasuku. Kabla ya hapo, pitisheni asubuhi kwenye bustani za Palermo: Rosedal yenye mawaridi, au Jardín Japonés, bustani ya Kijapani. Novemba mtakuta mijakaranda imechanua, barabara nzima zambarau. Kama mama anapenda farasi, mashindano makubwa ya polo, Abierto, huchezwa uwanja wa Palermo Novemba hadi Desemba. Tiketi za majukwaa ya kawaida si za kutisha.

Alhamisi: Teatro Colón, jumba la opera. Ukumbi wa sasa ulifunguliwa mwaka 1908. Kuna ziara za kuongozwa mchana, lakini kabla ya kulipia hizo angalieni kwanza kama kuna onyesho wiki yenu, kwa sababu Novemba bado ni msimu. Kuisikia sauti ya ukumbi ule ukiwa umekaa kuna thamani kuliko kuelezwa habari zake. Tiketi za bei ya chini kabisa ni za ghorofa ya juu, paraíso, na baadhi ni za kusimama, hizo si za mama. Mnapobuku semeni mapema kwamba mnahitaji lifti. Siku hiyohiyo saa 9:30 alasiri Mama wa Plaza de Mayo, akina mama wa watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi, huzunguka uwanja wao, kama wafanyavyo kila Alhamisi tangu mwaka 1977.

Ijumaa ni Tigre, mji wa kando ya mto, nitaieleza chini. La Boca, mtaa wa kale wa bandarini, sijaisahau. Iingizeni asubuhi yoyote ya katikati ya wiki, kati ya saa 4 na saa 9, kwa teksi kwenda na kurudi. Kaeni Caminito, kijia chenye nyumba za rangi, na mitaa miwili mitatu inayoizunguka. Msitoke hapo kwa miguu kuelekea katikati ya mji hata ramani ikisema ni karibu, na siku ya mechi ya Boca Juniors msiende kabisa kama hamna tiketi.

Colonia: kwa hali yenu, hapana. Boti ya haraka ni kama saa moja na robo, lakini ongeza muda wa kuripoti, foleni ya pasipoti, na mji wenyewe una mawe makubwa zaidi ya San Telmo. Halafu kuna jambo linalowaponza watu: kama viza ya Argentina ni ya kuingia mara moja, ukishagongwa muhuri wa kutoka huwezi kurudi. Ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika hapohapo kwenye kituo cha boti Buenos Aires, kwa hiyo ukishapita dirisha la kwanza umeshatoka nchini.

Tigre badala yake. Treni ya Mitre kutoka Retiro hadi Tigre huchukua karibu saa moja, nauli ndogo, unaketi. Ukishuka, kituo cha boti, Estación Fluvial, kiko karibu. Mna njia mbili. Katamarani ya mzunguko inawarudisha palepale bila kushuka. Lancha colectiva ni boti ya mbao inayobeba wakazi wa visiwani, inasimama kila gati, na ndiyo yenye raha. Ila ngazi za magati huwa na utelezi, na lazima mmuulize mhudumu wa boti kabla ya kushuka boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi. Msipomuuliza, mtabaki kisiwani. Nendeni Ijumaa au siku nyingine ya kazi, Jumapili watu ni wengi mno.

Sahani_Pana alijibu:

Nimuachie Ramani njia, mimi niingie mezani.

Ndiyo, ni kweli. Migahawa mingi hufungua jikoni saa 2 au 2:30 usiku, na wenyeji huanza kuingia baada ya saa 3. Mkifika saa 1 mtakuta wahudumu wenyewe wanakula. Wenyeji hulimaliza pengo hilo kwa merienda, kahawa na vitafunio vya kati ya saa 11 jioni na saa 1. Mama ale merienda nzito kisha chakula cha usiku kiwe kidogo saa 2:30. Au mbadilishe: mlo mkubwa uwe mchana. Siku za kazi migahawa mingi huwa na menú ejecutivo, chakula kikuu, kinywaji na kitindamlo au kahawa kwa bei moja, na hapo ndipo pesa yenu itakapokwenda mbali zaidi.

Kwa merienda hakuna kama Las Violetas, kona ya Rivadavia na Medrano, ya mwaka 1884, yenye madirisha ya vioo vya rangi. Treni ya chini ya ardhi mstari A, kituo cha Castro Barros. Wana sinia linaloitwa María Callas, keki, sandwichi na mikate mitamu. Limeandikwa la watu wawili au watatu, na hata watatu watashiba. Msile chochote tangu saa 7.

Medialuna, vile vimkate vya umbo la mwezi mchanga, zipo za aina mbili: de manteca, nene na tamu, za siagi; na de grasa, nyembamba na zenye chumvi, za mafuta ya mnyama. Nyinyi chukueni za siagi tu, swali linaisha.

Sasa nyama. Kosa kubwa la mgeni kwenye parrilla, mgahawa wa nyama choma, ni kuagiza parrillada, mchanganyiko wa nyama, ya watu wawili. Inaletwa juu ya jiko dogo la makaa mezani, na nusu yake ni soseji, figo na utumbo. Chorizo na morcilla, soseji ya damu, kwa kawaida zina nguruwe. Tena nyama inaendelea kuiva juu ya makaa hayo mkizungumza, na mkifika kipande cha tatu imekuwa kavu. Agizeni kipande kimoja cha ng'ombe mgawane:

– ojo de bife: ina mafuta ndani, laini, ya kuanzia;
– bife de chorizo: steki nene ya mgongoni yenye utepe wa mafuta pembeni, jina tu ndilo linalofanana na soseji;
– entraña: nyama ya kiwambo, nyembamba, ina ladha kali ya ng'ombe, huiva haraka;
– vacío: ya ubavuni kuelekea tumbo, inachomwa polepole, ina utando mgumu upande mmoja.

Kipande kimoja cha gramu 400 ni kawaida, na sehemu nyingine huzidi. Pamoja na saladi na provoleta, jibini nene ya kuchoma yenye oregano, kinatosha watu wawili. Provoleta iliwe ikiwa moto ileile dakika, ikipoa inakuwa mpira.

Kiwango cha kuiva: vuelta y vuelta ni mbichi ndani, jugoso ni nyekundu yenye maji, a punto ni ya waridi, bien cocido imeiva kabisa. Wachomaji wa huko huelekea kuivisha zaidi ya unavyotarajia, kwa hiyo anayetaka ya waridi aseme jugoso. Na anayetaka iliyoiva kabisa asichague entraña, itakuwa kamba. Achukue vacío au tira de asado, mbavu zilizokatwa kwa msumeno, zinavumilia moto.

Nguruwe hujificha pengine: milanesa napolitana ina paja la nguruwe chini ya jibini, bondiola ni nguruwe, empanada, sambusa zao, za jamón y queso (ham na jibini) vilevile. Semeni «sin cerdo y sin jamón», maana wapo wasioihesabu ham kuwa nguruwe. Kama shida yenu ni zaidi ya hapo, yaani mnataka nyama iliyochinjwa kihalali, parrilla ya kawaida haitawafaa. Hapo ni samaki, tambi, empanada za humita za mahindi, piza. Mitaa ya Once na Abasto ina migahawa mingi ya kosheri, ya Kiyahudi, kwa anayeikubali.

Piza ni ya mkate mnene na jibini ya kumwagika. Güerrín, Corrientes 1368, ipo tangu mwaka 1932. Kuna foleni mbili: ya meza na ya kula umesimama kaunta. Ya kaunta inakwenda haraka, lakini kwa mama ngojeni meza, au nendeni saa 10 alasiri. Agizeni muzzarella moja na fugazzeta moja, ile ya vitunguu, na kipande cha fainá, mkate bapa wa unga wa dengu unaowekwa juu ya piza na kuliwa pamoja. Vipande viwili kwa mtu, msizidishe.

Aiskrimu hununuliwa kwa uzito. Cuarto, robo kilo, inakuwa na ladha tatu hivi na inatosha wawili. Sambayón ina pombe ndani, muitambue.

Don Julio kule Palermo: ina nyota ya Michelin tangu mwongozo huo ulipoingia Argentina mwaka 2023, na meza huisha mapema sana. Bukuni sasa hivi au mwache. Sioni sababu ya kusimama saa mbili barabarani na mtu mwenye magoti mabaya wakati nyama nzuri iko kila mtaa.

Kwenye bili mtaona cubierto, ada ya mkate na meza kwa kila mtu. Hiyo si bakshishi. Bakshishi ni kama asilimia 10, na ni vyema iwe taslimu hata kama mlo mmelipa kwa kadi.

Kadi_na_Sarafu alijibu:

Nyongeza fupi za pesa na usafiri.

Hoteli: mgeni asiyekaa Argentina akilipa kwa kadi ya benki ya nje na kuonyesha pasipoti, huondolewa kodi ya ongezeko la thamani, IVA, ya asilimia 21 kwenye malazi. Yaani halipi kabisa. Ukilipa taslimu msamaha huo unaupoteza. Ulizeni kabla kama bei mliyopewa tayari imeondolewa IVA, kwa sababu nyumba ndogo nyingi za kupangisha hazimo kwenye utaratibu huo.

Dola: noti za 100, mpya, zisizo na maandishi wala mikunjo. Ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini. Msibadilishe kwa vijana wanaoita «cambio, cambio» mtaa wa Florida. ATM ni njia ya mwisho, ada kubwa na kiwango cha kutoa kidogo. Bei za pesos mnazozisoma kwenye makala ya mwaka jana zipuuzeni.

SUBE ni kadi ya basi, treni na Subte, yaani treni ya chini ya ardhi. Kadi moja inaweza kulipia watu wawili, unaigusisha mara mbili. Kwenye basi mnamtajia dereva mnapokwenda, anaweka nauli, ndipo mnagusisha. Na basi halisimami lenyewe, nyosheni mkono.

Hapa natofautiana kidogo na Sahani: msiitegemee Subte kwa sababu ya mama. Vituo vingi vya zamani havina lifti, na ngazi za umeme huharibika. Basi ni bora, mnaona mji, na vya mbele ni viti vya wazee. Basi la 152 hupita Santa Fe na Retiro hadi La Boca. Subte yenyewe hufunga karibu saa 5 usiku, kwa hiyo baada ya chakula ni teksi tu, kwa programu ya simu au mwombeni mhudumu awaitie.

Mkimwagiwa kitu mgongoni kama haradali, na mtu mwema akaja kuwafuta, endeleeni kutembea hadi ndani ya duka. Simu isikae mezani nje.

Baada ya mvua, kigae kilicholegea kinarusha maji machafu hadi gotini. Mama avae kiatu cha kufunga.

Upepo_wa_Kusi aliuliza tena:

Nashukuru sana, hasa la viza, yetu kweli ni ya kuingia mara moja. Colonia nimeifuta. Swali la mwisho: tango. Mama anataka kuona watu wakicheza, si lazima onyesho la jukwaani. Milonga, zile dansa za tango za wenyeji, zinaanza usiku wa manane?

Ramani_Mkononi alijibu:

Nyingi huchangamka baada ya saa 5 usiku, lakini ipo ya mapema: La Glorieta, kibanda cha muziki cha wazi kwenye bustani ya Barrancas de Belgrano. Huanza jioni, hakuna kiingilio, kofia hupitishwa kwa mchango. Mvua ikinyesha haipo. Bustani ile ni mteremko, na kibanda kiko upande wa juu, kwa hiyo shukeni kituo cha Subte cha Juramento au kwa basi kwenye Cabildo na mwende mitaa michache tambarare. Mkishuka kituo cha treni cha Belgrano C mtaanzia chini na kupanda.

Muziki hupigwa kwa mafungu ya nyimbo tatu au nne, kisha kipande kifupi cha muziki mwingine ambapo wote huondoka uwanjani. Mwaliko wa kucheza hutolewa kwa macho na kuinamisha kichwa kutoka mbali. Mama asipotaka kucheza asikazie mtu macho, na msikate uwanja katikati ya wimbo.

Sahani_Pana alijibu:

Mkiamua onyesho la jukwaani, nunueni tiketi ya onyesho pekee. Ya chakula pamoja hupanda bei sana na nyama inapikwa ya watu mia kwa mpigo. Kuleni kwanza saa 2:30 karibu na ukumbi, maonyesho mengi huanza kama saa 4 usiku. Na kama mmoja wenu atakuwa na hamu ya tambi, angalieni tarehe: 29 ya kila mwezi ni siku ya ñoquis, vibonge vya viazi, na migahawa ya mtaani huvipika kwa wingi. Watu huweka noti chini ya sahani wakitamani baraka ya pesa. Mkumbuke kuichukua kabla mhudumu hajaondoa vyombo.